Fes, Marrakech au Ghardaïa: ukipata safari moja ya Maghribi, uende mji upi?

Kutoka Mombasa au Dar es Salaam mpaka Maghribi ni kulivuka bara pembe hadi pembe. Ndege utabadilisha mara moja au mbili, nauli si ya kuchezea, na wengi wetu tutaipata safari hiyo mara moja tu. Ndiyo maana swali la mji upi si dogo. Mimi nimebahatika kuifikia mitatu kwa nyakati mbalimbali: Fes na Marrakech nchini Moroko, na Ghardaïa katika jangwa la Algeria. Yote nimeipenda. Na katika yote nimekutana na wageni waliokuwa wakihesabu siku za kuondoka, na ukizungumza nao unagundua kwamba walichokuwa wakikitafuta kilikuwa mji mwingine.

Sisi watu wa pwani hatuendi huko kama wageni kabisa. Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na alipomaliza kutangatanga, sultani wa Fes aliamuru safari zake ziandikwe. Habari za Kilwa ile ya majengo ya mbao na sultani mkarimu zilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa ameketi Fes. Nilipokuwa nikitembea huko jambo hili halikunitoka akilini.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaipima miji yote mitatu kwa mambo yale yale: asili yake na maisha yake ya leo, kutembea ndani yake, mgeni anavyopokelewa, majengo na ibada, chakula, kisha mambo ya kufika, hali ya hewa na pesa. Kwangu mimi kigezo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote, na nitakikalia zaidi. Kuta nzuri utaziona kote. Kinachokufanya ukumbuke mji kwa furaha au kwa uchungu ni namna watu wake walivyokutazama.

Kuna neno moja linalonisaidia kuitofautisha, nalo ni halqa, yaani duara la watu. Waislamu wa kwetu wanalijua kutokana na darsa za msikitini. Marrakech, halqa ni watu waliomzunguka msimulizi wa hadithi au mpiga ngoma uwanjani. Fes, ni wanafunzi waliomzunguka sheikh wao. Ghardaïa, ni baraza la wanazuoni linaloitwa azzaba, ambalo tangu karne ya 11 limekuwa likisimamia mambo ya dini na maadili ya jamii. Jiulize ungependa kuketi katika duara lipi.

Asili, na maisha ya leo

Fes ulianzishwa na Idris wa Kwanza mwaka 789, na mwanawe akaukuza. Ni mji uliojengwa na wakimbizi: mwaka 818 familia zilizofukuzwa Córdoba zilikaa ng'ambo moja ya mto, na baada ya miaka michache familia kutoka Kairouan, Tunisia, zikakaa ng'ambo ya pili. Ufundi wao haujafa. Ukipita leo unasikia nyundo za wafua shaba katika uwanja wa Seffarine kabla hujawaona. Harufu ya ngozi za Chouara nayo inakujia kutoka mbali, maana ngozi huko hulainishwa kwa chokaa na mavi ya njiwa ndani ya mabirika ya mawe, kama zamani. Wenye maduka ya juu hukupa kijiti cha nanaa ushike puani.

Marrakech ni kazi ya Waberberi, wenyewe wajiita Imazighen. Murabitun, watu wa kabila la Sanhaja waliotoka jangwani, waliuanzisha karibu mwaka 1070 na kuufanya makao makuu ya dola iliyofika hadi Andalusia. Hata jina Moroko tunalolitumia limetokana na jina la mji huu. Kuta zake nyekundu zina urefu wa kilomita 19 hivi. Ni mji wa biashara ya misafara, na biashara ndiyo roho yake mpaka leo, ila mteja amebadilika: sehemu kubwa ya mji mkongwe sasa inaishi kwa mtalii.

Ghardaïa si mji mmoja. Katika bonde la M'zab kuna miji mitano iliyo karibu karibu: El Atteuf, ulio wa kwanza, karne ya 11, pamoja na Bou Noura, Beni Isguen, Melika na Ghardaïa yenyewe. Waliojenga ni Waberberi wa madhehebu ya Ibadhi. Dola yao ya Tahert iliangushwa na Wafatimi, watawala wa Kishia, mwaka 909, wakakimbilia Sedrata karibu na Ouargla, na hatimaye wakachagua bonde hili la mawe matupu ambalo hakuna mtu aliyelitaka. Kila mji umekaa juu ya kilima, msikiti kileleni, nyumba zikishuka kwa kuzunguka, na soko liko chini pembezoni ili mfanyabiashara wa nje asiingie katikati ya nyumba za watu. Unapouona kwa mara ya kwanza kutoka ng'ambo ya bonde unaelewa mpango wote kwa jicho moja.

Kutembea ndani yake

Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu atajiona hodari akiingia Fes. Hodari huyo atapotea ndani ya robo saa, kama nilivyopotea mimi. Vichochoro ni maelfu, vingine mabega yako yanagusa kuta zote mbili, na magari hayaingii. Mizigo hubebwa na punda na nyumbu (wale wa kubebea mizigo, si wa Serengeti), na mwenye mnyama hupiga kelele “Balak! Balak!” Mara ya kwanza niliruka kando bila kutafsiriwa, kwa sababu sauti ile ni ileile ya hamali wa kwetu anayesema “Similla!” Kanuni iliyoniokoa ni rahisi: njia zinazoteremka zinakupeleka mtoni na kwenye msikiti wa Qarawiyyin, zinazopanda zinakurudisha mlango wa Bab Boujloud.

Marrakech ni tambarare na ni rahisi kuelewa, kwani uwanja wa Jemaa el-Fna uko katikati na mnara wa Koutoubia, wenye mita 77 hivi, unaonekana kutoka pande nyingi. Tatizo ni pikipiki. Zinapita sokoni kwa kasi kati ya watoto na wazee, na siku nzima unatembea ukisikiliza nyuma yako. Mzazi mwenye mtoto mdogo alijue hilo mapema.

M'zab huna haja ya kuogopa kupotea, maana Beni Isguen huingii peke yako. Unachukua kiongozi mlangoni, unakwenda anapokwenda, unatoka anapotoka. Katika miji mingine ya bonde uhuru ni mkubwa zaidi. Mwenye kupenda kuzurura bila mpango atajisikia amebanwa. Lakini kiongozi wako ni mtu wa mji huo huo, na kila kona ana jambo la kukueleza.

Mgeni anavyopokelewa

Marrakech imezoea wageni kupita kiasi. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” kule ni maisha ya kila siku, kwa sababu maelfu ya familia hula kutokana na mgeni. Akina mama wa hina hukushika mkono kabla hujakubali, mwenye nyoka hudai pesa kwa picha hata uliyoipiga kwa mbali, na kijana hukuambia njia imefungwa ili akupeleke duka la mjomba wake. Wasafiri wengi hulalamikia hayo kuliko jambo lolote. Mimi pia siku ya kwanza nilirudi nyumba ya wageni nimechoka roho. Siku ya tatu nilishajua kusema “la, shukran” bila kusimama, na hapo mji ukaanza kunifungukia: msimulizi mzee uwanjani, duara la Wagnawa wakipiga vyuma vyao usiku. Wagnawa ni kizazi cha watu weusi waliopelekwa huko utumwani kutoka kusini ya Sahara, na muziki wao uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2019. Nilisimama pale muda mrefu. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, anayeijua historia ya soko la watumwa la Unguja, hawezi kuusikiliza muziki ule kama burudani tu.

Fes nako wapo vijana wa “njia imefungwa”, lakini mafundi walio wengi wana shughuli zao. Unaweza kusimama nusu saa ukimtazama mchonga mwerezi na asikuuzie kitu. Kuna jambo jingine ambalo hutaliona katika vitabu vingi vya watalii. Sidi Ahmed Tijani, mwanzilishi wa tarika ya Tijaniyya aliyefariki mwaka 1815, amezikwa Fes, na wafuasi wake kutoka Senegal, Mali na Nigeria huja kumzuru kwa wingi. Kwa hiyo mtu mweusi katika vichochoro vile si ajabu. Mara kadhaa nilisalimiwa “Senegal? Marhaba!” na mzee mmoja akanionyesha njia ya zawiya, makao ya tarika, kabla sijauliza chochote. Nilipomwambia natoka Mombasa alifikiri kidogo, akasema, “Mbali, khouya (ndugu yangu), mbali,” akanikalisha na kunimiminia chai.

Nisifiche upande wa pili. Moroko kuna ubaguzi wa rangi. Neno “azzi”, ambalo ni tusi, unaweza kulisikia kutoka kwa watoto wa barabarani, na katika miji mikubwa polisi huweza kukudhania mhamiaji anayeelekea Ulaya. Tembea na nakala ya pasipoti. Kwa uzoefu wangu Fes ilinipa heshima zaidi, na najua wenzangu waliokuwa na hesabu tofauti.

Ghardaïa ndiyo yenye masharti mengi na maudhi machache. Hakuna anayekuvuta kanzu. Usipige watu picha, usivute sigara ndani ya Beni Isguen, vaa nguo za heshima. Wanawake walioolewa hujifunika shuka jeupe la sufu wakiacha jicho moja tu, kama bibi zetu walivyolishika buibui la kizamani kwa mkono, na ukikutana na mmoja kichochoroni unampisha na kuangalia pembeni. Wapo wanaoona mji huo ni mkavu. Mimi ndiko nilikopokewa kwa namna ambayo sikuitarajia. Kiongozi wetu, mzee wa Beni Isguen, aliposikia habari za pwani yetu alisema neno moja: “Zinjibar!” Akaanza kunieleza habari za Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanazuoni mkuu wa mji huo aliyefariki mwaka 1914, ambaye baadhi ya vitabu vyake vilipigwa chapa Unguja, katika matbaa ya Sultan Barghash. Vitabu vilivyoandikwa katika bonde lile kavu vilisafiri mpaka Forodhani, vikachapwa, vikarudi. Mzee alikuwa akiyasema hayo kama mambo ya jana, na mimi niliyekulia saa chache tu kutoka Unguja nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Majengo na ibada

Moroko, misikiti iliyo mingi haimruhusu asiye Mwislamu kuingia. Mwislamu ana bahati hapa: Fes anaingia Qarawiyyin wakati wa sala, katika msikiti ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, binti wa familia iliyohamia kutoka Kairouan. Asiye Mwislamu ataona mengi kwenye madrasa za zamani, hasa Bou Inania na Attarine za karne ya 14. Chini vigae, katikati chokaa iliyochongwa kama lesi, juu mwerezi. Aliyewahi kutazama zidaka za nyumba za Lamu atatambua mkono wa jamaa.

Marrakech ina makaburi ya wafalme wa Wasaadi, madrasa ya Ben Youssef na kasri la Bahia, na yote asiye Mwislamu huingia. Ni mazuri, ila uwe tayari kwa msongamano. Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 liliua karibu watu 3,000, wengi wao katika vijiji vya milima ya Atlas, na lilibomoa sehemu za mji mkongwe, pamoja na mnara wa msikiti mdogo uwanjani.

Misikiti ya M'zab haina nakshi. Kuta za chokaa, nguzo zisizonyooka sana, giza la baridi. Mwenye kuja kutafuta vigae atasikitika. Lakini msikiti wa Sidi Brahim, El Atteuf, uliochimbwa nusu chini ya ardhi, ni jengo lililonigusa kuliko yote ya safari zangu. Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri, alitembelea bonde hilo miaka ya 1930, na wenyeji hupenda kusema kwamba kanisa lake la Ronchamp, Ufaransa, lina damu ya msikiti ule. Ukiitazama misikiti ya Ibadhi ya Unguja, isiyo na minara wala mapambo, utaelewa unyofu huu unatoka wapi.

Chakula

Hapa Fes inashinda kwa wapishi wa nyumbani: pastilla, pai ya njiwa au kuku yenye lozi, sukari na mdalasini. Ulimi uliozoea biriani hautashangaa kuona utamu na nyama sahani moja. Marrakech ina tanjia, nyama iliyotiwa mtungini pamoja na ndimu ya chumvi, zafarani na bizari, kisha ikapelekwa kuzikwa kwenye majivu ya hamamu mpaka ilainike. Nenda ukale vichochoroni, kwa sababu meza za uwanjani zina bei ya mgeni. Ghardaïa utakula kuskusi na tende, na tende zenyewe zinatosha kuwa sababu ya safari.

Kufika, hali ya hewa na pesa

Fes na Marrakech zimeunganishwa na Casablanca kwa treni, saa nne hivi kwa Fes na chini ya saa tatu kwa Marrakech. Marrakech ndiyo ghali zaidi, na nyumba za wageni zenye uwanja wa ndani, ambazo sisi tungeziona kama nyumba za Waswahili zenye kiwanda (ua wa ndani), bei zake zimepanda pamoja na umaarufu. Fes utapata nyumba kama hiyo kwa nafuu.

Ghardaïa iko kilomita 600 hivi kusini mwa Algiers, kwa ndege ya ndani au basi la usiku. Beba euro taslimu, kwani kadi za nje aghalabu hazikubaliwi. Viza ya Algeria inahitaji subira, kwa hiyo anza mapema na uulize ubalozi wake ulio karibu nawe, maana masharti hubadilika. Kati ya 2013 na 2015 bonde hilo lilikumbwa na ghasia za kijamii zilizoua watu. Mimi nimekuta utulivu, ila soma habari za karibuni kabla ya kulipa chochote.

Kiangazi usiende mji wowote kati ya hii. Julai na Agosti Marrakech na Ghardaïa ni tanuri. Fes Januari ni baridi inayopenya mifupa, na nyumba nyingi hazina joto. Mtu wa Tanga abebe sweta mbili. Machi, Aprili, Oktoba na Novemba ni salama kwa yote.

Lugha isikutishe. Kiarabu chao cha mitaani ni kigumu, lakini hesabu za Kiswahili zinakubeba: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, zote muuzaji atazielewa. Mbili wao husema “juj”. Nilipatana bei ya kobazi za ngozi kwa hesabu nilizofundishwa darasa la kwanza.

Nani aende wapi

Ukiwa na siku tatu au nne, au unasafiri na rafiki asiyependa historia sana na anayetaka ngoma, maduka na milima ya Atlas kwa mbali, chukua Marrakech. Vivyo hivyo kwa asiyewahi kutoka Afrika Mashariki na anayetaka mji ambao kila kitu kimeshaandaliwa kwa mgeni.

Ukiwa fundi, mwalimu wa madrasa, mwanafunzi wa historia au mtu anayependa kutazama kazi ya mikono ikifanywa, nenda Fes na ukae si chini ya siku nne. Siku ya kwanza chukua kiongozi mwenye kitambulisho rasmi, kisha jiachie upotee. Mwenye magoti mabaya afikirie tena, maana mji wote ni mteremko na vidato. Msafiri wa ziara za kidini, hasa wa tarika, hapa ndipo pake.

Mwanamke anayesafiri peke yake asikilize zaidi ya sauti moja. Wengi niliozungumza nao walisema Marrakech iliwachosha kwa maneno ya mitaani, Fes kidogo pungufu, na Ghardaïa hakuna aliyewagusa wala kuwasemesha, ila walijiona wakitazamwa. Aliyezoea kujisitiri kwa mavazi ya pwani hatabadilisha chochote kule.

Ghardaïa mpe mtu ambaye ameshatembea kidogo, ana subira ya viza, na hatakasirika akiambiwa hapa huingii, huyu humpigi picha. Na mpe kila Mswahili mwenye asili ya Unguja au Omani anayetaka kujua Ibadhi wa upande ule wa dunia wanaishije. Huyo simshauri aanze kwingine.

Ukiwa na wiki mbili, Fes na Marrakech zinaungana vizuri kwa treni ya saa saba hivi. Usipange kuongeza Ghardaïa katikati. Mpaka wa nchi kavu kati ya Moroko na Algeria umefungwa tangu 1994, na mwaka 2021 Algeria ilivunja uhusiano wa kibalozi na kufunga anga yake kwa ndege za Moroko. Kwenye ramani ni jirani. Kwa tiketi, utapitia Tunis au Ulaya, na nauli yake inakaribia safari nyingine nzima.